Mama Hoteli na Chura Asiyekunywa Maji

Alikipokea kikombe kilichooshwa, akakielekeza mlangoni penye mwanga, akafumba jicho moja na kukichungulia ndani kama askari anayekagua mtutu wa bunduki. Kikiwa safi alikitundika ukutani bila neno. Kisipomridhisha alikurudishia na kusema, "Bado. Kuna ubishi umebaki humu." Ukarudi kwenye beseni mbele ya watu wote, ukasugua tena, huku wanywaji wa chai wakikucheka mpaka wanapaliwa. Nimefanya kazi chini ya mabwana wengi, wengine wenye vyeo vya kutisha. Hakuna niliyemwogopa kama nilivyomwogopa yule mama alipofumba lile jicho.

Tulimwita Mama Hoteli. Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema jina la mtu ni la hospitalini na mahakamani. Mahali pengine pote mtu anajulikana kwa kazi yake. Hoteli yenyewe ilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa kwa madebe yaliyofunguliwa, ng'ambo ya reli ukitoka stesheni ya Morogoro. Palikuwa na mabenchi, meko mawili, birika lililokuwa jeusi hata ukidhani limechongwa kwa mkaa, na ukuta mzima wa misumari iliyotundikwa vikombe vya bati. Chini ya vikombe palikuwa na rafu, na ile rafu ndiyo iliyotuleta pale. Chai nzuri ilipatikana kwingine pia.

Mtu akileta jambo la ajabu na mwingine akakataa, Mama Hoteli aliteremsha kikombe kimoja na kukifunika rafuni, mdomo chini. Kikombe hicho ndicho kikawa swali. Hakuna aliyekinywea mpaka jibu lionekane kwa macho. Jibu likishaonekana, aliyeshindwa alikiosha mbele ya wote, na mshindi akanywea. Kila mmoja wetu alikumbuka kikombe kipi ni swali gani. Msimu wa masika, watu wanapojazana ndani na ndimi zinawawasha, vikombe vilifunikwa vingi hata wateja wakanywea makopo ya maziwa. Mgeni akilalamika aliambiwa, "Vumilia, bwana. Kikombe chako kinangoja kujua kama nyoka ana masikio."

Mimi nilifika pale miaka ya arobaini ikiishia, karani mpya wa tiketi, nimetoka sekondari, suruali imepigwa pasi hata ingeweza kusimama bila mimi. Siku ya kwanza nilimkuta Mnyapara amekaa karibu na meko. Huyu alikuwa msimamizi wa wachukuzi pale stesheni, Mnyamwezi wa Tabora, mnene, mwenye kofia ya kazi ambayo sidhani aliivua hata usingizini. Alikuwa anapuliza chai yake, akasema tu, bila kumtazama mtu:

"Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu."

Nilicheka kwa sauti. "Sasa majani anayakata kwa nini, mzee? Kwa pua?"

"Kwa ulimi, na meno ya chini, na ufizi."

"Mzee wangu, mimi nimesoma."

"Umemsoma ng'ombe?"

Watu wakapiga meza. Mama Hoteli alishateremsha kikombe. Asubuhi yake tukaenda machinjioni, mimi, Mnyapara na kundi la mashahidi waliojialika wenyewe. Mchinjaji akainua mdomo wa juu wa kichwa cha ng'ombe kilichokuwa mezani. Palikuwa na ufizi mtupu. Nikapeleka kidole, nikaupapasa: mgumu kama kisigino. Nakumbuka nilisimama pale nimeacha mdomo wazi, nimesahau kabisa kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimekula ng'ombe tangu utoto wangu, nimewapisha njiani, na sikuwahi kuwatazama mdomoni. Nilikiosha kikombe kile mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilirudishiwa. Aliponipa chai baadaye, Mama Hoteli aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Umeona raha yake? Ungejua jana, leo ungekuwa na nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani ananifariji.

Nilianza kumwelewa siku niliyoshinda mimi. Nilisema popo si ndege, ni mnyama anayenyonyesha. Aliyebisha alikuwa Baba Kabichi, mkulima wa Mgeta, Mkatoliki aliyeteremka mlimani kila wiki na matenga ya mboga kichwani kwa wanawe na gunia begani kwake. Alizungumza kwa kuvuta maneno, lafudhi ya Kiluguru ya juu kabisa kule.

"Anaruka, ana mabawa, analala paani," akasema. "Mnataka awe nini? Mbuzi?"

Na Mama Hoteli safari hii alimwunga mkono. "Karani, mwanangu, popo ni ndege mwenye sura mbaya. Hilo si kosa lake."

Kikombe kikafunikwa, kikakaa wiki kadhaa. Kisha Baba Kabichi akateremka na tenga lililofunikwa majani ya kabichi, uso wake mzito kama mtu aliyetumwa habari ya msiba. Alikuwa amemkamata kwenye dari la kanisa la kijijini kwao, kwa ruhusa ya padri. Alifunua majani taratibu. Popo alikuwa amejikunja, na kifuani pake paling'ang'ania kitoto kisicho na manyoya, mdomo wake umeshika titi.

Hata wachukuzi, watu wasionyamaza hata wakibeba piano, walinyamaza. Baba Kabichi akafanya ishara ya msalaba. Mama Hoteli alikuwa amepiga magoti kando ya tenga, kanga imemwanguka kichwani hana habari nayo.

"Nimelala chini ya hawa tangu nizaliwe," akasema polepole. "Usiku wanapita juu yangu wananyonyesha, na mimi nawaita ndege."

Akainuka, akachukua beseni mwenyewe. Baba Kabichi alitaka kuosha, kwa kuwa ndiye aliyeanza ubishi, lakini alimsukuma kwa kiwiko. "Wewe uliuliza tu. Mimi ndiye niliyesema kwa hakika." Alikiosha kikombe huku anaimba, uso unang'aa kama wa mwanamke aliyeletewa zawadi kutoka Unguja. Sijawahi kuona mtu mwingine anayeshindwa hivyo. Sisi wengine tulishindwa kama watu wanaong'olewa jino. Yeye alishindwa kama mtu anayefunguliwa dirisha.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Kwenye bao alikuwa mwizi wa wazi kabisa. Kete zilihama mkononi mwake kama zina miguu, na ukimshika alisema, "Bao halina beseni." Alidai ushahidi wa kila jambo chini ya jua, ila alikuwa na hakika kwamba kupiga mluzi jioni kunaita nyoka. Nilimwuliza siku moja ushahidi wake uko wapi. "Ushahidi wake ni nyoka," akanijibu. "Nikuitie?" Tena alikuwa akimwogopa kinyonga kupita kiasi. Tulipobishana kama kinyonga anaweza kutazama mbele kwa jicho moja na nyuma kwa jicho jingine, alitoa hukumu akiwa amejifungia chumbani, anauliza kupitia ufa wa mlango: "La kushoto linatazama wapi? Na la kulia? Semeni kweli, msinidanganye kwa kuwa naogopa!"

Kulikuwa na maneno asiyoyapokea. Dini ya nani ni bora, nani tajiri, mke wa nani anafanya nini: hayo yote alisema hayana beseni pale, peleka kwako. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa swala tano, na Baba Kabichi alimletea karoti za Pasaka, na sikuwahi kuwasikia wakiulizana lolote. Lakini usidhani alikimbia mambo mazito. Miaka ya hamsini, serikali ilipowalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, watu walikuwa na hasira kweli, na hasira ile iliteremka mpaka mezani kwetu. Siku moja Bwana Shamba aliingia kunywa chai na kumkuta Baba Kabichi. Mmoja akasema matuta yanaokoa udongo. Mwingine akasema yanachimbua udongo mfu na kuuzika ulio hai. Mmoja akasimama. Mwingine akasimama. Mama Hoteli akaja katikati yao na kikombe mkononi, akakifunika rafuni kwa kishindo.

"Kaeni," akasema. "Hili lina jibu. Litaota au halitaota. Mvua itasema, na atakayeshindwa ataosha, hata akiwa na kofia ya serikali."

Wakakaa. Bwana Shamba alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaomba sukari. Nimehudhuria mikutano mikubwa baadaye maishani, yenye viti vya kukunja na vipaza sauti, na sijaona wanaume wawili waliokunja ngumi wakiketishwa hivyo na kikombe cha bati.

Sasa niseme habari ya chura.

Mnyapara na Mama Hoteli walikuwa watani. Wanyamwezi na Waluguru wanataniana tangu zamani za misafara, na wawili hawa waliifanya kazi hiyo kwa bidii. Mnyapara alisema Waluguru wote huzaliwa na mguu mmoja mfupi kwa sababu ya kutembea kando ya mlima. Mama Hoteli alisema afadhali mguu, maana Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia mabegani kama kobe. Mnyapara aliingia bila hodi, akajichotea maharage chunguni. Mama Hoteli naye alimvua kofia akapangusia meza. Kwa watani haya hayana kosa. Ukiyakasirikia umevunja utani, na hilo ndilo kosa.

Jioni moja ya masika vyura walikuwa wanapiga kelele nyuma ya hoteli hata tukawa tunazungumza kwa kupayuka. Mnyapara akasema, "Kelele zote hizo na koo kavu. Chura hanywi maji."

"Hanywi nini?"

"Maji. Chura hajawahi kunywa maji tangu dunia iumbwe."

Tulicheka sana. Chura, anayekaa majini! Mama Hoteli akafunika kikombe. Baba Kabichi alitoka nje akarudi na mmoja mkubwa, tukamweka kwenye beseni lenye maji, tukamzunguka. Chura akakaa. Alitutumbulia macho, koo linapiga, mdomo umefungwa. Mama Hoteli aliswali magharibi akarudi, taa zikawashwa, na chura bado amefunga mdomo.

"Mnaona?" akasema Mnyapara. "Mashahidi ninyi."

"Naona chura aliyezungukwa na wanaume wanaomkodolea macho," akajibu Mama Hoteli. "Hata mimi nisingekunywa."

Pakalipuka kicheko. Watu walishikana mabega. Na yeye, akiwa bado amebebwa na kicheko hicho, akasema, "Kila chenye roho kinakunywa. Umeshindwa, mtani. Osha."

Mnyapara alimtazama kidogo. Kisha akanyanyuka, akakunja mikono ya shati, akakiosha kikombe kwa mbwembwe, akakitikisa, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anayemkabidhi sultani. Mama Hoteli alikichungulia, akakitundika. Jioni ikaisha vizuri. Hakuna kati yetu aliyegundua kwamba jibu halikuwa limeonekana. Hukumu ilitolewa na kicheko.

Baadaye Mnyapara alistaafu. Tulimsindikiza kwenye garimoshi la bara, yeye na mkewe na mabati yao.

"Nakwenda, mtumwa wangu," akamwambia Mama Hoteli kutoka dirishani. "Usilie."

"Nilie nini? Benchi langu limepata nafasi."

Garimoshi likaondoka. Mama Hoteli alibaki jukwaani mpaka moshi ukapotea upande wa Kimamba, halafu akanigeukia akasema vumbi la makaa limemwingia machoni.

Mwaka mmoja au miwili ikapita. Mwalimu mmoja wa sayansi, mgeni aliyekuwa safarini kuelekea shule ya misheni, alikuja kungoja gari lake hotelini, na katika mazungumzo akasema chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi ya tumbo, akikaa tu mahali penye unyevu. Watu wakamcheka kama tulivyomcheka Mnyapara. Mama Hoteli hakucheka. Aliuliza mara mbili. Alipokwenda mwalimu, alikaa amekunja mikono, chai ikachemka ikamwagikia moto, hakuinuka.

Siku ile ile alimwagiza Baba Kabichi chura. Alimweka kwenye tenga tupu kivulini mpaka ngozi yake ikafifia, kisha akamfunga kwenye kitambaa akatuongoza kwa Sonara, mfua dhahabu wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na soko. Sonara alipoona kilichomo alipandisha mikono.

"Mama! Hii mizani ya dhahabu! Maharusi wa Morogoro yote nimewapimia hapa!"

"Basi mpime kama dhahabu," akasema Mama Hoteli. "Usipunje."

Akapimwa. Kisha Mama Hoteli akalowesha kitambaa, akakikamua mpaka pasiwe na tone la kulambwa, akamkalisha chura juu yake na kumfunika kwa kikapu. Akaenda kuswali uani kwa jirani. Sisi tulikaa tumechuchumaa, tunamchungulia mnyama kupitia matundu ya kikapu: alijibana, akatandaza mapaja, akalaza tumbo kwenye kitambaa kama mtu aliyefika nyumbani. Mdomo hakuufungua. Aliporudi Mama Hoteli, Sonara mwenyewe ndiye aliyemchukua chura, kwa vidole viwili, akamweka juu ya mizani na mawe yale yale.

Upande wa chura ukashuka.

Sonara akaondoa, akapanga upya, akaweka tena. Ukashuka tena. "Arre," akasema polepole. "Amekunywa." Mbele yetu, bila kumeza, bila kufungua kinywa, kiumbe kile kilikuwa kimekunywa maji kwa tumbo, kama vyura wote walivyofanya kando ya mto wetu tangu kabla ya mji kuwepo. Nikatarajia Mama Hoteli aimbe.

Hakuimba. Alirudi hotelini kimya, akashusha kutoka msumarini kile kikombe cha chura, akakifunika rafuni.

"Nikishindwa mimi, naosha," akasema. "Lakini safari hii nilimwoshesha mwingine. Kikombe kilikuwa changu, nikampa yeye akioshe, na watu wakamcheka."

Nikamwambia ni jambo dogo, Mnyapara hata hakumbuki, na wale magadi wanaosimamia garimoshi wanakwenda Tabora kila siku, atume salamu.

"Kosa halitumwi kwa gadi, Karani. Nilimwoshesha mbele ya macho yangu. Nitamwoshea mbele ya macho yake." Akatazama kibanda chake, birika, mabenchi. "Hawa wote wanaosha kwa sababu mimi nasema. Mimi nisipoosha, watakuwa wanaosha nini?"

Lakini Tabora ilikuwa mbali. Upande wa mashariki hakuwahi kuvuka Mikese, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Turiani, kwa dada yake. Hoteli haikuwa na wa kuiachia. Akasema atakwenda masika ikipita. Masika ikapita, dada akaugua, mwaka ukageuka.

Ndipo mimi nikahamishiwa stesheni ya Tabora. Siku ya kuaga alinishika mkono. "Ukimwona mtani wangu usimwambie habari ya chura. Niahidi. Nataka nione uso wake." Nikaahidi.

Nilimwona Mnyapara wiki ile ile, na nilimkuta mgonjwa. Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini, nami ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona ameivua mwenyewe. Alikuwa amekonda, shingo ambayo Mama Hoteli alisema haipo sasa ilionekana. Tukazungumza habari za Morogoro mpaka akachoka. Nilipoinuka akasema, "Usimwambie yule mtumwa wangu kwamba naumwa. Atakuja kunicheka. Niahidi." Nikaahidi.

Hapa ndipo ninapokaa mara nyingi, usiku usingizi unaponikataa. Nilikuwa na habari mbili mkononi. Moja ilitakiwa Morogoro na nyingine Tabora, na mimi nilizitunza zote mbili kama karani mzuri anavyotunza funguo. Kila siku gadi wa garimoshi la pwani alisimama dirishani pangu kunisalimu. Neno moja tu lingetosha: "Mwambie asingoje." Kila siku nilimtakia safari njema. Nilijiambia kwamba mtu mwaminifu hutimiza ahadi yake, na kwamba Mnyapara ana mifupa ya chuma. Nilikosea yote mawili, na sikuwa na mtu wa kunifunikia kikombe ili nitazame vizuri.

Mnyapara alifariki kiangazi kikianza. Tulimzika. Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa siku niliyokuwa jukwaani nikikagua tiketi za garimoshi lililotoka pwani, nikaona mwanamke anashuka kwa kurudi nyuma, kama mtu anayeshuka ngazi ya dari, amekumbatia kifurushi cha kanga kifuani.

"Karani!" akasema. "Kumbe dunia ni ndefu hivi! Mwambie mtani wangu ajitayarishe."

Nikamwamkia shikamoo, halafu nikainamia tiketi zangu. Alinitazama usoni jinsi alivyozoea kuchungulia vikombe.

"Lini?" akauliza.

Nikamwambia.

Akakaza kanga kichwani. "Basi twende. Mtani hachelewi msibani."

Aliingia kwenye nyumba ya msiba bila hodi, akawapita wanawake waliokaa mikekani, akaichukua kofia ya Mnyapara msumarini, akajivika, akaketi kizingitini akitandaza miguu. "Hakuna kutoka wala kuingia!" akapaza sauti. "Nani aliwapa ruhusa ya kumzika mtumwa wangu? Mmemzika na shingo au bila shingo?"

Wanawake wa mikekani wakainua vichwa. Kisha mzee mmoja akasema, "Mluguru huyu! Mtani kafika!" na wote waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, na wengine walilia zaidi kwa kucheka. Mjane wa Mnyapara alikuja akamkumbatia, kofia ikawadondokea wote wawili.

Mama Hoteli akaomba maji na beseni. Akafungua kifurushi. Kilikuwa kile kikombe. Akawasimulia waombolezaji wote habari ya chura, tangu kicheko chake mpaka mizani ya Sonara, bila kujipunguzia kitu. "Alisema kweli, nami nikamwoshesha," akasema. "Nimekuja kuosha."

Mjane alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mabega yalimtikisika, nikadhani analia.

"Ah, dada," akasema. "Dada yangu. Yule alikuwa hajui kitu kuhusu vyura! Aliniambia usiku ule ule. Alitaka tu kukuchokoza, akasema la kwanza lililomjia kichwani. Alikuwa anabahatisha!"

Mama Hoteli alibaki ameshika kikombe hewani. Niliona uso wake ukizunguka kati ya mambo mengi. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka machozi yakamtiririka mpaka shingoni.

"Mwizi huyu! Amenitoa Morogoro kwa garimoshi, nimekalia ubao mpaka nimekuwa ubao, kwa jambo asilolijua!"

"Basi usioshe," akasema mjane. "Hakushinda."

"Nitaosha. Alijua au alibahatisha, chura anakunywa kwa tumbo vile vile." Akakiingiza kikombe majini.

Alikuwa bado anasugua wakati mzee mmoja nyuma akakohoa na kusema kwamba, pamoja na heshima zote kwa marehemu, chura anakunywa kwa mdomo, yeye amemwona. Mwingine akasema umemwona wapi. Wa tatu akasema mizani ya Mhindi haiaminiki. Mama Hoteli aliinua kichwa, mikono inachuruzika maji, na mwanga ule niliouona siku ya popo ukarudi usoni mwake.

"Mleteni chura," akasema.

Kikombe alimwachia mjane. Yeye alirudi kwa garimoshi la kesho yake, kwa kuwa hoteli ilikuwa imeachiwa Baba Kabichi, ambaye alijua kupika kabichi tu. Nilimnunulia chai kwenye mgahawa wa stesheni tukakaa kwenye benchi la jukwaani. Hakuniuliza kitu mpaka alipoimaliza.

"Ulijua anaumwa."

"Nilijua, Mama."

"Na ulijua nina safari ya kwake."

"Mliniahidisha wote wawili. Nilidhani kuna wakati."

Hakunikemea. Alinisukumia kikombe chake kitupu, na cha kwangu hakukigusa. Nikakichukua, nikaenda kwenye bomba mwisho wa jukwaa, nikiwa na kofia yangu ya kazi na vifungo vya shaba, abiria wa madaraja yote wakinitazama, nikakiosha. Nilikisugua ndani, nje, na chini ya kishikio chake. Garimoshi lilikwishapiga honi niliporudi. Alikuwa ameketi dirishani. Akakipokea, akakielekeza kwenye mwanga wa asubuhi, akafumba jicho moja.

Alikichungulia kwa muda mrefu.

"Bado," akasema kwa upole, akanirudishia, na garimoshi likaondoka.